Kuanza Tiba kwa Vitendo kutoka Mbali: Tuliyoyaona Masama

Mwanachuo mmoja aliyeletwa shuleni kwetu Masama kwa mazoezi ya kufundisha alitukuta siku ya Alhamisi tumeketi chini ya mti, simu imewekwa juu ya daftari, tunamweleza mtu aliyeko Moshi jinsi mtoto fulani alivyoshika kikombe asubuhi ile. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akatuuliza: "Walimu, mtu atamtibuje mtoto asiyemgusa?"

Hatukumcheka. Swali hilo sisi wenyewe tuliliuliza mwaka 2020, tena kwa kejeli kuliko yeye, na majibu tuliyoyapata hayakuja kwa siku moja wala hayakuja bila aibu. Tumeona vema tuyaandike hapa, kwa kuwa wengi wa wanaosoma kurasa hizi watapangiwa shule zilizo mbali na hospitali, na miongoni mwa watoto watakaowakuta darasani, au watakaosikia kwamba wapo nyumbani tu, hawatakosa wenye kuhitaji msaada wa namna hii.

Tuanze na jina lenyewe. Watu wengi wakisikia "tiba kwa vitendo" hudhani ni mazoezi ya viungo. Taaluma hizi mbili ni ndugu, lakini si moja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hushughulikia zaidi mwendo wa mwili: misuli, maungio na nguvu. Mtoa tiba kwa vitendo huanza na tendo, yaani kula, kuvaa, kuoga, kucheza, kuandika, kisha huuliza ni kitu gani kinachomzuia mtu huyu asilitende, na ni kitu gani kibadilishwe ili alitende: mwili wake, au chombo anachokitumia, au mahali anapoketi. Chama cha kwanza cha taaluma hii kiliundwa Marekani mwaka 1917, katika zama za Vita Kuu ya Kwanza, na kazi yenyewe ilikua kwa kuwahudumia askari waliorudi na majeraha. Humu nchini watoa tiba kwa vitendo wamekuwa wakifundishwa pale KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako pia kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza mwaka 1981. Kwa hiyo sisi wa Masama hatuwezi kulalamika kwamba elimu hiyo iko ng'ambo ya bahari. Lakini kutoka Boma Ng'ombe kwenda Moshi ni zaidi ya kilomita 20, na kutoka vijiji vyetu vya juu kushuka mpaka Boma Ng'ombe ni safari nyingine, na mama aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka 7 wakati wa masika hahesabu kwa kilomita.

Mtoto tunayemzungumzia aliandikishwa katika kitengo chetu cha elimu maalumu mwezi Januari 2020. Alikuwa na miaka 7, na alikuwa na mtindio wa ubongo. Hapa inafaa tuseme jambo moja haraka, maana hata walimu hukosea: mtindio wa ubongo ni dosari ya ubongo inayovuruga mwendo wa mwili na jinsi mtu anavyojimudu, na huenda mtoto mwenye hali hiyo akawa na akili timamu kabisa ndani ya mwili usiomtii. Binti yule alikuwa hasemi maneno yanayoeleweka na wageni, ila alikuwa akiwacheka walimu waliokosea majina ya wanafunzi. Mara moja kwa mwezi mama yake alimpeleka Moshi kwa mtoa tiba kwa vitendo, dada mmoja mpole ambaye sisi tulikuwa tunamjua kwa jina tu.

Tarehe 17 Machi 2020 shule zilitangazwa kufungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza, watu waliogopa kupanda magari yaliyojaa, na mama yake binti akaacha kumteremsha kliniki. Mtoa tiba alimpigia mama, mama akatutaja sisi, na hivyo ndivyo simu ya kwanza ilivyotufikia mwezi Aprili. Alituuliza kama tungekubali kwenda nyumbani kwa mtoto mara moja kwa wiki, tukiwa tumevaa barakoa na kukaa uani, tuwe macho na mikono yake. Tulikubali upesi. Kusema kweli tulikubali kwa sababu shule imefungwa na tulikuwa hatuna la kufanya, na kwa sababu tulidhani kazi yenyewe ni rahisi: atatutajia mazoezi, nasi tutayasimamia.

Ndivyo tulivyoanza, na ndivyo tulivyopoteza wiki mbili. Tulimwomba atutumie orodha, naye kwa kutuonea haya akatutumia. Tukaichora jedwali kwenye daftari kama azimio la kazi, siku kwa upande mmoja na mazoezi kwa upande wa pili. Kila wiki tulimkuta bibi yake, kwa maana ndiye aliyekuwa akishinda naye wakati mama yuko sokoni, tukamuuliza kama mazoezi yamefanyika, bibi akasema yamefanyika, tukaweka alama ya vema. Katika safu ya mwisho tuliandika "anaendelea vizuri". Mwanachuo aliyewahi kukaguliwa shajara zake za somo atatambua mara moja kitu tulichokuwa tunakifanya.

Wiki ya tatu mtoa tiba aliiacha orodha. Alisema, "Walimu wangu, leo sitaki mazoezi. Nisimulieni siku yake, tangu anapoamka mpaka anapolala. Na bibi awepo." Tukaweka simu kwenye sauti ya juu, tukaiegemeza kwenye sufuria.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo, daktari?"

Alikuwa si daktari na alikwisha kumweleza, lakini bibi hakulikubali kosa hilo kwa miezi yote tuliyokuwa pamoja.

Bibi alisimulia kwa lugha ya nyumbani, nasi tukafasiri. Binti huamshwa, huvalishwa, hulishwa, hubebwa mpaka kwenye mkeka kando ya migomba, na pale hukaa akiegemezwa kwenye gunia huku bibi akimenya ndizi na kuchambua maharage. Mchana hulishwa. Jioni huogeshwa, hulishwa, hulala. Mtoa tiba aliuliza maswali ambayo tuliyaona ya ajabu. Sufuria ya ndizi huwekwa upande gani wa mtoto? Mkono upi huunyosha kwanza akitaka kitu? Kuku akipita, humfuata kwa macho tu au hugeuza na shingo? Nani humvalisha sweta, na sweta hilo lina vifungo au huvaliwa kwa kichwa? Maswali mengi hatukuweza kuyajibu, ingawa tulikuwa tumemfundisha mtoto huyo tangu Januari. Bibi aliyajibu yote.

Tulipokata simu tulitazamana. Katika masimulizi yale vitenzi karibu vyote vilikuwa vya kutendewa: huvalishwa, hulishwa, hubebwa. Katika tiba kwa vitendo huo ndio ugonjwa wa pili, na wakati mwingine huwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Basi mtoa tiba akachagua tendo moja, sweta, kwa sababu asubuhi za Masama ni baridi na sweta huvaliwa kila siku pasipo kukumbushwa. Alitutaka tulichambue tendo hilo kama tunavyochambua mada katika andalio la somo. Tulifikiri lina hatua tatu. Alitufanya tuvae masweta yetu wenyewe mbele ya simu huku tukitaja kila kinachotendeka, nasi tukafika hatua kumi na moja tukiwa tumetokwa jasho na bibi akitucheka. Kisha akatufundisha jambo ambalo tunalileta kwa wanachuo kama mbinu ya kufundishia, maana linafaa hata kwa watoto wasio na ulemavu wowote: kufundisha tendo kwa kuanzia mwisho. Bibi atamvalisha hatua zote isipokuwa ya mwisho, ile ya kuvuta upindo wa sweta kushuka tumboni. Hiyo ataitenda mtoto. Akiiweza kwa siku kadhaa, ataachiwa na ile iliyotangulia, na kadhalika, akirudi nyuma hatua kwa hatua. Faida yake ni kwamba kila asubuhi mtoto ndiye anayemaliza kazi. Tulivyokuwa tukifanya sisi darasani, mtoto alianza vizuri, akachoka katikati, tukammalizia. Hivyo kila siku alijifunza kwamba kazi humalizwa na watu wengine.

Vivyo hivyo na ndizi. Bibi aliambiwa achukue ndizi mbivu, aanze kuchana ganda kidogo, amwachie mtoto avute. Tendo hilo dogo lataka mkono mmoja ushike na wa pili uvute, na kwa binti yule mikono miwili kufanya kazi pamoja ndilo lililokuwa gumu kupita yote. Hospitalini kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya zoezi hilo. Katika kihamba cha bibi vilining'inia juu ya kichwa chake. Maharage nayo yalifaa kwa kuzoeza vidole kudonoa, kwa sharti kwamba mtu mzima asiondoke hata kidogo, kwani punje moja ikiingia njia ya hewa ni balaa.

Sasa tunafika mahali ambapo hatupendi kupaandika.

Mwezi Mei, siku moja bando letu lilikwisha kabla ya picha yoyote kwenda, tukaitumia simu ya bibi, kitochi kisicho na picha wala chochote. Tulikuwa tukieleza habari za sweta, na bibi nyuma yetu alikuwa anampa mtoto uji. Mtoa tiba alinyamaza. Tulidhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Hicho kikohozi ni cha nani?"

Tukamwambia ni cha mtoto, na kwamba ndivyo alivyo, akila hukohoa.

"Tangu lini?"

Tangu tulipomjua. Shuleni tulimlisha uji wa saa nne kuanzia Januari mpaka Machi, akikohoa, nasi tukimsubiri atulie tuendelee. Katika daftari letu, chini ya neno "chakula", tulikuwa tumeandika "anakula vizuri", kwa sababu bakuli lilikuwa linaisha.

Mtoa tiba hakutukaripia. Aliuliza maswali matatu kwa sauti ile ile. Analishwa amekaaje? Sauti yake baada ya kunywa huwa kama ina maji kooni? Amepata homa mwezi huu? Bibi alijibu kwamba humlaza mapajani, kichwa kikiangalia juu, kama alivyowalisha watoto wake wote. Sauti ndiyo, hukoroma kidogo. Homa amepata mara mbili, na hata sasa kifua kinambana usiku. Mtoa tiba akasema hayo si ya simu, na kwamba mtoto afikishwe kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, si kesho. Alikutwa na nimonia. Chakula na kinywaji vilikuwa vikiteremkia kwenye njia ya hewa kidogo kidogo, kila mlo, kila siku, nasi tukiweka alama ya vema. Alitibiwa akapona. Tunajua pia kwamba watoto wenye hali kama yake huweza kufa kwa jambo hilo hilo.

Aliporudi nyumbani ilibidi ulishaji ubadilishwe, na hapo palikuwa na mtihani mwingine. Bibi alikuwa amelea watoto na wajukuu wengi. Mtu gani angemwambia, kwa simu, tena mbele ya walimu, kwamba hajui kulisha? Sisi tulijiandaa kumhutubia. Mtoa tiba alitutangulia. Alisema, "Bibi, nakuomba unisaidie jambo. Chukua maji kikombeni. Sasa tazama juu kwenye dari, halafu umeze ukiwa hivyo hivyo." Bibi akatazama juu, akajaribu kumeza, akasimama katikati, macho yakamtoka. Akainamisha kichwa upesi, akameza, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, kwa Kiswahili, bila kungoja sisi tufasiri: "Kumbe mtoto ameteseka."

Hatujawahi kuona zana ya kufundishia iliyo bora kuliko kile kikombe cha maji.

Utaratibu aliotupa tunaueleza hapa kwa kuwa waweza kuokoa maisha, ingawa kila mtoto apimwe kwanza na mtaalamu wake. Mtoto aketi wima, nyonga na magoti vikiwa vimekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu. Kichwa kiwe katikati na kidevu kiinamie kidogo kifuani. Anayelisha akae mbele, usawa wa macho ya mtoto, na kijiko kije kutoka mbele na chini, kisitoke juu, kwa sababu kikitoka juu mtoto atainua kichwa kukifuata. Kijiko kiwe kidogo, kisijae, na cha pili kisiingie kabla cha kwanza hakijamezwa. Uji mzito kidogo humezeka kwa usalama zaidi kuliko mwepesi unaokimbia kama maji. Baada ya mlo asilazwe, abaki ameketi kwa muda wa nusu saa hivi. Mlo uliokuwa wa dakika 10 ukawa wa dakika 40. Bibi aligombana na dakika hizo, mama akagombana nazo, nasi tuliporudi shuleni tuligombana nazo pia, kwa maana mwalimu mmoja hawezi kumlisha mtoto mmoja kwa dakika 40 na huku wengine wanangoja. Tatizo hilo hatujalimaliza. Tumelipunguza tu kwa zamu na kwa msaada wa akina mama wanaokubali kuja saa nne.

Lakini ili aketi wima alihitaji kiti, maana gunia halishiki nyonga. Mtoa tiba alitueleza mbinu ya kutengeneza kiti kwa maboksi na karatasi zilizobandikwa kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikauke kiwe kigumu kama ubao. Mbinu hiyo ilikuzwa Zimbabwe na mkufunzi wa walimu aitwaye Bevill Packer, na tulifurahi kusikia kwamba alikuwa mtu wa kazi yetu. Tulituma picha ya mtoto, tukaletewa mchoro na vipimo, tukatumia magazeti ya miezi mingi na unga ambao tungeweza kuula. Kiti kilipokauka (na katika masika ya mlimani kukauka huko kulichukua wiki tatu karibu na jiko) mtoto aliwekwa, miguu ikaning'inia hewani. Picha haisemi ukubwa. Tangu hapo tulikatazwa kutuma picha isiyo na rula ya darasani pembeni, na vipimo tulivisoma kwa sauti, mmoja akipima na mwingine akiandika, kisha tukarudia tukibadilishana: nyuma ya goti mpaka kisigino sentimita 27, mgongo mpaka nyuma ya goti sentimita 26. Tulikata kiti, tukabandika ubao wa kukanyagia. Hakikuwa kizuri kwa kukitazama. Bibi alikifunika kwa kanga.

Katika kipindi hicho tulikumbuka mambo ya zamani ambayo wanachuo husomeshwa kama historia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa njia ya redio, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 maelfu na maelfu ya walimu wa UPE walifundishwa wakiwa vijijini mwao, kwa masomo ya posta na kwa redio. Watu husifu redio. Lakini redio ile haikuwa peke yake: palikuwa na kitabu mkononi, na palikuwa na kiongozi wa kikundi aliyeketi pamoja na wasikilizaji, akaona nani ameelewa na nani anaitikia tu. Katika wiki zetu za kwanza sisi tulikuwa na sauti ya mbali, tulikuwa na daftari, ila yule wa tatu hakuwepo. Tulikuwa tumeketi mahali pake bila kufanya kazi yake.

Kuna dosari nyingine tuliyoifanya ambayo si ya tiba. Picha moja ya mtoto, akiwa amevuliwa shati ili mgongo uonekane, tuliipeleka kwa mtoa tiba, na mmoja wetu, kwa nia njema ya kuonyesha maendeleo, akaipeleka pia kwenye kundi la walimu. Kutoka hapo ilikwenda isikotakiwa. Mama yake aliiona kwenye simu ya mtu sokoni. Alikuja shuleni, hakupaza sauti, alisema tu kwamba hatatupa tena ruhusa ya picha, na kwa mwezi mzima tulifanya kazi kwa maneno matupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa baadaye, mwaka 2022, lakini sisi hatukuhitaji sheria ili kujua kwamba tumekosa. Siku hizi ruhusa huombwa upya kwa kila picha, uso hauingii kama hauhitajiki, na picha hufutwa mara tu inapokwisha kutumika.

Tukirudi kwenye swali la yule mwanachuo, kama mtu aweza kumtibu mtoto asiyemgusa, basi hatuna budi kusema pia yale ambayo simu haikuyaweza. Shule zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020 tulikuwa tumejivunia kazi yetu. Binti alikuja na sweta, akavuta upindo mwenyewe mbele ya darasa zima. Mwezi Julai tuliteremka naye Moshi pamoja na mama yake. Mtoa tiba alimlaza, akamfungua miguu taratibu kwa mikono yake, na haikupita muda akasimama upande wa kushoto. Nyonga ile ilikuwa haifunguki sawa na ya kulia. Alimwandikia kipimo cha eksirei siku hiyo. Sisi tulikuwa tumemtazama mtoto kila wiki kwa miezi mitatu, tumempima kwa rula, tumeandika daftari zima, na jambo hilo hatukuliona, kwa maana kukaza kwa misuli hujulikana kwa mkono uliofundishwa. Tangu siku ile utaratibu wetu umekuwa kwamba simu ni ya kila wiki na mikono ni ya kila baada ya miezi mitatu, na nauli ya safari hiyo huchangwa na kamati ya shule, mara nyingine kwa shida.

Mtoa tiba alitueleza kwamba Shirikisho la Dunia la Watoa Tiba kwa Vitendo lilikwisha kutoa tamko kuhusu huduma ya mbali mwaka 2014, miaka sita kabla ya korona, kwamba yafaa pale inapofaa na kwamba viwango viwe vile vile kama ana kwa ana. Tulimuuliza kwa nini basi hakuianza mapema. Akasema alikuwa hajapata watu wa kumtazamia.

Daftari letu la sasa halina jedwali la alama za vema. Lina kurasa mbili kwa kila wiki, na sharti lake ni kwamba maneno "vizuri" na "vibaya" hayaruhusiwi kuandikwa. Twaandika alichokitenda, kwa mkono gani, ameketi wapi, mara ngapi, na sauti gani ilisikika. Mwanachuo tuliyemtaja mwanzo aliandika ukurasa mmoja kabla hajaondoka, na katika mistari kumi alitumia neno "vizuri" mara nne. Tulimrudishia. Ukurasa wa pili ulikuwa mrefu zaidi.

Bibi naye aliendelea kuzisubiri simu za Alhamisi hata baada ya mtoto kurudi shuleni. Siku moja, mazungumzo yalipokuwa yamekwisha na sisi tunataka kukata, alisema, "Daktari, ngoja." Akaeleza kwamba juu ya mfongo kuna nyumba ambayo ina mtoto asiyetolewa nje, na watu hawamtaji. Je, naye aweza kupigiwa simu?

Mtoa tiba akamuuliza: "Bibi, mtoto huyo anakula amekaaje?"

Bibi akasema hajui, kwa kuwa hajawahi kuingia ndani. Akanyamaza. Kisha akasema kesho atapeleka ndizi mbivu, na hataziacha mlangoni.

Alhamisi iliyofuata alikuwa na majibu ya maswali yote, hata mkono ambao mtoto huutanguliza.